Jando la Masasi, Dole la Thogoto

Mwaka 1929, katika misheni ya Waskoti pale Thogoto, nje kidogo ya Nairobi, mwalimu aliyetaka kuendelea kushika chaki aliwekewa karatasi mezani. Atie sahihi, au achovye dole gumba kwenye wino, kwamba ameikana tohara ya wasichana na hana tena shughuli na KCA, chama cha siasa cha Wagikuyu. Wagikuyu waliliita jambo hilo kirore, yaani alama ya dole. Jina hilo lina uchungu wake. Tangu kumalizika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika wa Kenya alitembea na kipande kimening'inia shingoni ndani ya kikasha cha bati, na kwenye kipande hicho kulikuwa na alama za vidole vyake. Dole lilelile lililomfunga kwa mlowezi, sasa kanisa nalo lilidai.

Kusini mwa Tanganyika, Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa Masasi tangu 1876, walipofika na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Nao walikabiliwa na jambo la namna hiyo: kijana wa Kimakua au Kiyao aliyebatizwa, akiitwa jandoni, afanyeje? Padri Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alikubali jando liingie kanisani. Wari walikaa porini kama baba zao, wakafundwa na wazee, ila mizimu haikuombwa. Zilisaliwa sala za kanisa. Sifa zote amepewa Lucas. Mimi naona mzigo waliubeba mapadri Waafrika, kama Kolumba Msigala, waliojua lipi likiondolewa jando lingebaki jando, na lipi likiguswa wazee wangeondoka.

Mizani hii haiko sawa, na ni lazima niseme. Jando la wavulana si ukeketaji. Kisu cha Ugikuyu kiliwaumiza wasichana, na daktari John Arthur wa Thogoto hakuwa amezua madhara aliyoyaona hospitalini. Hata Masasi, unyago wa wasichana uliwashinda mapadri. Ulikuwa mikononi mwa makungwi wanawake, na mwanamume hakuwa na mlango wa kuingilia.

Lakini kuna jambo ambalo kisu pekee hakilielezi. Ugikuyuni ardhi ilikuwa imeshachukuliwa. Mzazi aliyempeleka mwanawe kwa mzungu kusoma alikuwa anatazama ng'ambo ya pili shamba la mzungu mwingine, pengine lililokuwa la babu yake. Karatasi ikija kwa mtu wa namna hiyo, hasomi habari za afya. Anasoma kwamba sasa wanautaka na ukoo. Masasi walowezi hawakubana namna hiyo, na padri alikaa na wazee kabla ya kuamua.

Waliokataa kirore hawakuikataa elimu. Hapo ndipo wamisionari wengi walipowasoma vibaya. Wazazi waliwatoa watoto shuleni, na mwaka 1930 wimbo wa Muthirigu, uliowakejeli wamisionari na machifu, ulipigwa marufuku. Lakini wazazi haohao wakaanza kujenga shule zao wenyewe, zikaungana chini ya vyama vya shule huru, KISA na KKEA. Walitaka Kiingereza kianze mapema kuliko serikali ilivyoruhusu. Biblia waliibeba pia: miaka ya 1930 walimwalika Daniel Alexander wa Kanisa la Othodoksi la Afrika aje awafundishie mapadri.

Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu pale Githunguri. Wanawake, ambao kirore kilihusu miili yao bila wao kuulizwa, walichanga fedha ili mabinti wapate bweni chuoni hapo. Serikali ilikifunga chuo mwaka 1952, na katika miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, mahali hapo pakafanywa pa kunyongea watu.