Ufaraguzi katika vichekesho

Ufaraguzi (kutokana na kitenzi "kufaragua") ni utungaji wa maneno na matendo papo hapo, mbele ya hadhira, bila kufuata maandishi. Makala hii inahusu ufaraguzi wa wachekeshaji wanaotumia Kiswahili, hasa nchini Tanzania, na jinsi kazi hiyo inavyougusa moyo wa anayeifanya.

Neno lenyewe husikika zaidi vyuoni na katika vitabu vya fasihi simulizi. Mitaani watu husema tu kwamba fulani "anatunga hapo hapo". Lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko neno. Mkoani Mara, kwa mfano, mpiga litungu hutaja katika wimbo wake watu anaowaona wamekaa mbele yake, na sifa hizo hazikuandikwa popote.

Namna inavyofanyika

Mfaraguzi hana karatasi, lakini haendi jukwaani mikono mitupu. Anaye mhusika anayemfahamu vizuri (mzee bahili, mlevi, mshamba aliyeingia mjini), anajua kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na anaye mwenzake wa kujibizana naye. Yaliyo katikati huzaliwa pale pale. Kanuni kubwa ni kupokea unachopewa: mwenzako akikuita daktari, basi wewe ni daktari tangu wakati huo. Ukikana, mchezo umekufa na wote wawili mmeaibika.

Huko Marekani Viola Spolin alikusanya mazoezi ya aina hii katika kitabu alichotoa mwaka 1963, na Keith Johnstone, mwalimu kutoka Uingereza, alitoa chake mwaka 1979. Vichekesho vya Kiswahili havikungoja vitabu hivyo.

Historia

Vichekesho vya jukwaani vilienea Tanganyika wakati wa ukoloni. Filamu za Charlie Chaplin zilichangia sura yake: suruali kubwa kupita kiasi, tumbo la matambara, mwendo wa ajabu. Baadaye vilikuwa sehemu ya maonyesho marefu ya vikundi vya utamaduni, pamoja na ngoma, sarakasi, kwaya na taarabu. Vikundi vilivyovuma sana Dar es Salaam ni Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980 na Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre (TOT) cha mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba. Hata maigizo yao marefu hayakuandikwa. Kisa kilisimuliwa, wachezaji wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mazoezini na jukwaani.

Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi unatoka Lubumbashi, katika Kongo, kwa kundi la Mufwankolo linalotumia Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza wasanii hao maana ya msemo kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima. Badala ya kumweleza kwa maneno machache, walimtungia mchezo mzima kuhusu chifu na kijiji chake, wakaurekodi kwa ajili ya televisheni. Fabian alinasa mazungumzo ya mazoezi na ya mchezo wenyewe, akayachapisha katika kitabu mwaka 1990. Ni vizuri kukumbuka kwamba hiyo ilikuwa Zaire ya Mobutu: mambo ambayo mtu asingethubutu kuyaandika yaliweza kusemwa na mhusika wa mchezo, na kesho yake yakawa hayapo kwenye karatasi yoyote.

Hisia za mfaraguzi

Hofu ya kwanza ya mchekeshaji ni kimya. Mwigizaji wa tamthilia ya huzuni anaweza kufurahia ukumbi ulionyamaza, lakini kwa mchekeshaji kimya ni hukumu, na inatolewa hapo hapo akiwa bado amesimama. Tena akishindwa hana mwandishi wa kumsingizia.

Kuna pia upande wa furaha. Wasanii wengi hueleza kwamba siku mchezo unapokubali, maneno huja yenyewe kana kwamba anayesema ni mtu mwingine. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun walipima ubongo wa wapiga piano wa jazi walipokuwa wakitunga muziki papo hapo. Waliona sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kujichunguza na kujizuia zikipunguza kazi. Hao walikuwa wanamuziki, si wachekeshaji, lakini matokeo hayo yanalingana na maelezo ya wasanii wa jukwaani.

Mzigo mwingine ni jina. Watu wengi walimjua "King Majuto" bila kujua kwamba ni Amri Athumani wa Tanga, na "Mzee Small" bila kujua ni Said Ngamba. Nchini Kenya, Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini kwa lafudhi ya Kijaluo aliyoigiza katika "Vitimbi" alibaki Mzee Ojwang mpaka alipofariki mwaka 2015. Mtu wa namna hii hudaiwa kichekesho sokoni, kwenye basi, hata hospitalini. Akisema anaumwa, wapo watakaocheka kwanza.

Jamii nyingi za Tanzania zina desturi inayokaribiana na hayo, nayo ni utani wa msibani. Mtani huiga sauti na mwendo wa marehemu, au hulizuia jeneza mpaka apewe chochote, na waliokuwa wanalia hujikuta wanacheka. Huo ni ufaraguzi mgumu kuliko wa jukwaani, kwa sababu mtani naye huenda amefiwa.

Maslahi

Kazi isiyoandikwa ni ngumu kuidai. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watendaji wa sanaa, lakini msanii aliyekubaliana kwa mdomo, au aliyetia saini mkataba asiouelewa, huwa hana pa kushika. Suala hili lilizungumzwa sana mwaka 2018 King Majuto alipokuwa mgonjwa, na waziri aliyehusika na sanaa, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Agosti mwaka huohuo, akazikwa kwao Tanga.