Kutoka Rejista ya Kliniki hadi Ukurasa wa Kivinjari: Historia Fupi ya Kumbukumbu za Wagonjwa kwa Mtazamo wa Mbuya, Kampala

Makala hii inafuatilia swali moja la kihistoria: kumbukumbu za wagonjwa zilipohama kutoka kwenye karatasi kuingia katika programu za wavuti, ni nakala ipi iliyobaki na mamlaka ya kuitwa ya kweli? Mahali tunapoanzia ni Mbuya, mashariki mwa Kampala, ambako huduma ya Reach Out kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ilianzishwa parokiani mwaka 2001, kisha ikaenea hadi Banda na Kinawataka. Huduma ya namna hii ina mgonjwa mmoja, vituo kadhaa na matibabu ya maisha yote. Kwa hiyo kumbukumbu ndiyo uti wa mgongo wake.

Katika mfumo wa karatasi, kadi ya mgonjwa haikuweza kuwa mikononi mwa watu wawili kwa wakati mmoja. Aliyeishika ndiye aliyeandika. Kwa desturi ya kazi, kosa lilikatwa kwa mstari mmoja, maandishi ya zamani yakabaki yakisomeka, na sahihi ikawekwa kando. Udhaifu wa karatasi ulikuwa kwingine: kuhesabu wagonjwa kulichukua siku nyingi, na aliyehamia kituo kingine aliweza kufunguliwa kadi ya pili, akawa watu wawili katika takwimu.

Nadharia ya kuondoa udhaifu huo ilikwisha kuwapo. Mwaka 1970 Edgar F. Codd alipendekeza data ipangwe katika majedwali yenye uhusiano. Juu ya msingi huo kila huluki, yaani kitu kinachotambulika peke yake kama vile mgonjwa au hudhurio, hupewa kitambulisho kimoja. Katika Afrika Mashariki, wazo hilo lilijaribiwa mapema katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2004 ilianza kazi ya kuunda OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Tawi lake la Uganda, UgandaEMR, linatumika katika vituo vya afya nchini humo. Inafaa kuangalia jinsi OpenMRS inavyoshughulikia makosa: taarifa ya uchunguzi inaporekebishwa, safu ya zamani haifutwi bali hubatilishwa, na safu mpya huielekeza ile iliyotangulia. Mstari wa kalamu ulirejea katika umbo jingine.

Hata hivyo, baina ya hifadhidata na muuguzi kuna ukurasa, na ukurasa una historia tofauti. Itifaki ya wavuti iliundwa bila kumbukumbu: kila ombi hujibiwa kana kwamba ni la kwanza. Vidakuzi, vilivyobuniwa Netscape mwaka 1994, viliiwezesha seva kumtambua mtumiaji yuleyule, lakini havikubadili ukweli kwamba kinachoonekana kwenye kioo ni nakala ya wakati ukurasa ulipofunguliwa. Nakala hiyo huchakaa kimyakimya.

Tuchukue mfano wa kubuni. Saa tatu asubuhi muuguzi na karani wanafungua kumbukumbu ya mgonjwa mmoja. Muuguzi anabadilisha mchanganyiko wa dawa na kuhifadhi. Dakika kumi baadaye karani anasahihisha namba ya simu, na programu inahifadhi ukurasa wake wote. Dawa za zamani zimerudi. Hifadhidata imetii, karani hakukosea, na mgonjwa anaweza kupewa dawa zisizomfaa. Kubatilisha huhifadhi ushahidi wa kosa, hakulizuii.

Tiba yake si ngeni. Mwaka 1981 H. T. Kung na John Robinson walieleza njia ya kuruhusu kazi ziendelee sambamba na kuzikagua kabla ya kuzithibitisha. Kwa lugha ya wavuti, ukurasa hubeba namba ya toleo uliloonyesha. Toleo likiwa limebadilika, seva hukataa kuhifadhi na kuonyesha tofauti. Maktaba ya Hibernate, inayotumiwa na OpenMRS, ina uwezo huo, lakini haufanyi kazi mpaka msanidi autangaze.

Hapa ndipo watunga sera wanapohusika. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inadai ubora wa taarifa zinazokusanywa na kuchakatwa. Dai hilo litabaki maneno matupu ikiwa zabuni za mifumo ya afya hazitauliza mambo matatu: je, mfumo unakataa kuhifadhi juu ya toleo lililochakaa? Je, unahifadhi sehemu iliyobadilishwa tu, au ukurasa mzima? Na mtandao au umeme ukikatika, muuguzi anarudishiwa alichokiandika pamoja na hali mpya ya kumbukumbu?

Historia hii inaonyesha kwamba karatasi ilitulinda kwa sababu ilikuwa moja. Wavuti imeondoa ulinzi huo bila kutangaza. Ni wajibu wa wanaoagiza mifumo kudai urejeshwe.