Log in

Log in ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuingia katika kompyuta, programu au tovuti kwa kutaja jina na nywila. Kinyume chake ni log out. Kikiwa nomino huandikwa neno moja: login.

Asili yake ni baharini, na ni asili ya kupendeza kweli. Log ni gogo. Mabaharia wa Ulaya walitupa majini, kutoka tezini, kipande cha ubao kilichoitwa log na kufungwa kamba yenye mafundo. Ubao ulibaki nyuma, kamba ikifunguka, na baharia akahesabu mafundo yaliyompita mkononi hadi mchanga ulipokwisha kwenye chupa ya kupimia muda, nusu dakika hivi. Ndiyo maana mwendo wa meli hadi leo hutajwa kwa mafundo, yaani noti. Hesabu iliandikwa katika daftari, nalo daftari likarithi jina la gogo. Kisha kuandika humo kukaitwa to log.

Baadaye neno likahamia kwenye kompyuta. Mwaka 1961 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha CTSS, mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja. Mtumiaji alianza kwa amri ya login. Kwa Kiswahili, “ingia” linatosha kabisa.