Tarehe ya Kurudi

Susu yangu hana faili hospitalini. Ana kitabu. Ni kile kitabu cha shule chenye jedwali la kuzidisha nyuma, amekifunika kwa gazeti kama mtoto wa darasa la tatu. Ndani yake madaktari, matabibu na wauguzi wameandika historia yake ya ugonjwa wa sukari tangu 2014. Kila ziara inaishia na herufi tatu, TCA, halafu siku na mwezi. Ni ufupisho wa Kiingereza. Nyumbani tunaiita tarehe ya kurudi.

Wewe msomaji wa Nairobi ukiumwa na koo unaweka miadi kwa simu, na kama hospitali moja imejaa unaenda ya pili. Susu anaishi Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, na upande huu wa Makueni wako shangazi zangu. Kliniki yake ya sukari ni Jumatano. Ili afike saa mbili asubuhi, lazima aamke saa tisa usiku, apande bodaboda mpaka barabarani, kisha asubiri matatu. Tarehe ya kurudi kwake si pendekezo. Ni ahadi, na yeye hajawahi kuivunja.

Juzi nilikaa na kitabu hicho nikakisoma kama mwanahistoria anavyosoma kumbukumbu za serikali. Nilikuwa natafuta mahali ambapo hakuna kitu kilichoandikwa.

Pengo la kwanza: tarehe ya kurudi ilikuwa 14 Desemba 2016. Maandishi yanayofuata ni ya 22 Machi 2017. Katikati ni mgomo wa madaktari, ulioanza 5 Desemba na kuisha 14 Machi, siku 100. Susu alifika Jumatano ile akakuta askari wa lango tu. Alirudi mara mbili tena, kwa sababu redioni walikuwa wanasema ati mazungumzo yanaendelea. Mara ya tatu mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akamwambia, "Mama, daktari yupo. Jioni yuko kliniki yake ya kibinafsi, ukiwa na pesa." Sijui kama ilikuwa kweli. Najua Susu hakuwa na pesa.

Pengo la pili: tarehe ya kurudi ilikuwa 7 Juni 2017. Siku mbili kabla yake wauguzi waligoma, na hawakurudi kazini mpaka Novemba, karibu miezi mitano. Huu ndio uliomuumiza zaidi, na kuna sababu. Sisi Wakenya wa kawaida hatuna daktari wa familia. Zahanati ya kijijini inaendeshwa na muuguzi, na kituo cha afya kinaendeshwa na tabibu. Daktari yuko hospitali ya kaunti, mbali. Madaktari wakigoma, ngazi ya juu inakatika, lakini bado una mahali pa kupimwa sukari na kufungwa kidonda. Wauguzi wakigoma, mlango ulio karibu nawe ndio unaofungwa.

Susu alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu. Kilianza Julai. Tuliuza mbuzi wawili tukampeleka hospitali ya kulipia, tukarudi, pesa zikaisha. Maandishi ya 15 Novemba 2017 yanasema kidole kimekatwa. Mwandiko ni safi kabisa. Chini yake: TCA, wiki mbili.

Watafiti waliochunguza vifo kule Kilifi wakati wa migomo ya kati ya 2010 na 2016 hawakupata ongezeko la vifo kwa jumla. Nilipousoma utafiti huo nilifurahi, halafu nikafikiria kile kidole. Hakuna aliyekufa kwetu. Kwenye hesabu ya vifo, mwaka 2017 Susu hakupatwa na lolote.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwalaumu madaktari. Nilikuwa hapo kwa miaka. Lakini kitabu kinaanza 2014, na hadithi hii haianzi 2014.

Mwaka 1994, enzi za Moi, madaktari waligoma kwa siku 105. Dai lao kubwa lilikuwa kuandikisha chama chao cha wafanyakazi. Serikali ilikataa. Chama, KMPDU, kilikuja kuandikishwa 2011, baada ya Katiba mpya, na Desemba mwaka huohuo kikaitisha mgomo. Tarehe 27 Juni 2013 serikali ikatia sahihi makubaliano ya mishahara na mazingira ya kazi. Wiki chache baadaye, Agosti 2013, huduma za afya zikahamishiwa kaunti. Kaunti zikasema hazikutia sahihi chochote. Serikali ya kitaifa ikasema mwajiri sasa ni kaunti. Makubaliano yakakaa kwenye droo zaidi ya miaka mitatu, na madaktari walipogoma kuyadai, Februari 2017 viongozi saba wa chama wakafungwa kwa kudharau mahakama.

Kwa maneno mengine, madaktari nao walikuwa na tarehe ya kurudi. Walifika. Wakakuta askari wa lango.

Kaunti zetu mbili zinaonyesha jambo hili vizuri kwa sababu zilijaribu. Makueni ya Gavana Kivutha Kibwana ilianzisha MakueniCare 2016: shilingi 500 kwa kaya kwa mwaka, mnatibiwa hospitali za kaunti. Shangazi zangu walilipa, na Susu aliwaonea wivu kutoka ng'ambo ya mto. Kitui ilimpata Charity Ngilu 2017, yuleyule ambaye akiwa waziri wa afya alisukuma mswada wa bima ya afya kwa wote. Bunge likaupitisha 2004, Rais Kibaki hakuutia sahihi. Akiwa gavana alileta bima ya kaunti kwa shilingi 1,000 kwa mwaka. Ni mambo mazuri, sitayadharau. Lakini kadi ya bima inalipia huduma. Haimlazimishi mtu awepo. Desemba 2016 shangazi zangu wenye kadi na Susu asiye na kadi walikuwa sawa.

Katiba ya 2010 ina Ibara ya 41, inayompa mfanyakazi haki ya kugoma. Ina Ibara ya 43, inayompa kila mtu haki ya afya bora inayowezekana. Kati yao kuna ibara moja tu. Wakili anaweza kukueleza jinsi haki hizo mbili zinavyopimana. Mimi nilizikuta mezani kwetu, Aprili 2024, tukila muthokoi.

Binamu yangu alikuwa amemaliza udaktari na kusubiri nafasi ya mafunzo kazini. Makubaliano yaliyotokana na mgomo wa 2017 yalimpa daktari mwanafunzi kama shilingi 206,000 kwa mwezi. Serikali sasa ilisema 70,000. Mgomo ulikuwa umeanza katikati ya Machi na ungeendelea kwa siku 56. Binamu alikuwa ametoka Nairobi kwenye maandamano, sauti imekauka. Kitabu cha Susu kilikuwa juu ya kabati. Tarehe ya kurudi ilikuwa 20 Machi, na ilikuwa imepita.

Susu akamuuliza kwa upole, "Sasa mwanangu, mkigoma, mimi nirudi lini?"

Binamu hakuwa na jibu. Akasema, "Susu, nikikubali 70,000, na wa baada yangu akubali 40,000, mwisho ukifika pale hautanikuta. Nitakuwa nimeenda Uingereza."

"Hata sasa sikukuti," Susu akasema.

Hakuna aliyecheka. Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na aliyepaswa kuwajibu hakuwa kwenye meza ile. Yeye ndiye aliyetia sahihi 2013, akatia tena 2017, akijua kwamba kuchelewa kwake kutalipwa na mtu wa Jumatano.

Binamu alinawa mikono, akaomba mashine ya kupimia sukari. Akampima Susu palepale, akamkagua nyayo, vidole tisa, kimoja kimoja. Kisha akashusha kitabu, akaandika namba. Alipofika mwisho wa mstari akaandika TCA, akainua kalamu, akakaa hivyo kwa muda.

Nafasi hiyo bado iko wazi. Nimeiona juzi.