Nyumba za Leta: Usimamizi wa Majengo ya Umma katika Historia ya Baraka

Katika Kiswahili cha Kivu ya Kusini, shule ya serikali, zahanati au ofisi ya mtawala huitwa nyumba ya leta. Neno leta limetoholewa kutoka Kifaransa, nalo lina maana ya dola. Kisarufi, kirai hiki ni cha umilikishi wa kawaida, mfano wa nyumba ya Juma. Lakini mmiliki wake hana sura, na akaaye jirani ya jengo hilo hajihesabu kuwa sehemu yake. Historia ya matengenezo ya majengo hayo mjini Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, yaeleza kwa kiasi gani hesabu hiyo ni ya haki.

Dikri ya tarehe 5 Desemba 1933, iliyopanga upya utawala wa wenyeji katika Kongo ya Wabelgiji, iliwatwika wanavijiji kazi za lazima zisizozidi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita, kikomo kilipandishwa hadi siku 120. Aghalabu wanahistoria hutaja mashamba ya pamba, lakini miongoni mwa kazi hizo zilikuwamo pia barabara na majengo ya utawala. Sanduku la fedha lilikaa chini ya macho ya mtawala wa teritwari. Mtu aliyekanda udongo wa kuta hakuwa na njia ya kuuliza fedha za bati zilikwenda wapi. Si ajabu kwamba Wabelgiji wenyewe waliazima neno letu baraza, wakalitamka barza, wakalibakiza na maana ya ukumbi wa mbele ya nyumba tu; maana ya mkutano wa kushauriana waliiacha nje.

Mabaraza ya kuchaguliwa yalianza kwingine. Mwezi Desemba 1957 wakazi wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walipiga kura za komuni, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya Bukavu na miji mingine. Baraka, ambayo haikuwa mji kisheria, haikuguswa.

Utawala wa Mobutu ulileta salongo katika miaka ya 1970. Neno ni la Kilingala, na kazi ilielezwa kuwa ya kizalendo: kufyeka nyasi za shule, kusafisha viwanja vya ofisi. Kwa kweli ilikuwa kazi ya lazima kama ile ya 1933, isipokuwa sasa iliimbiwa nyimbo. Hesabu hazikusomwa hadharani.

Kisha vita vya 1996 na 1998 viliwakimbiza maelfu ya watu wa Fizi hadi Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Tangu mwaka 2005 wakimbizi walirejeshwa kwa meli katika bandari ya Baraka, na majengo mengi yakainuliwa upya kwa fedha za mashirika ya misaada. Hapa ukaguzi ulikuwapo, tena mkali. Lakini ripoti zake ziliandikiwa wafadhili wa Ulaya na Marekani. Mzazi aliyeona ufa katika ukuta wa darasa alijua wa kumshukuru, hakujua wa kumshtaki.

Mwaka 2013 Baraka, iliyokuwa ndani ya sekta ya Mutambala, ilipewa hadhi ya mji. Kwa mujibu wa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, mji una baraza lenye kujadili na kuamua, na halmashauri ya meya yenye kutekeleza. Idara ya mji itengenezayo majengo ilipaswa, basi, kujibu mbele ya madiwani. Madiwani hao hawakupatikana. Uchaguzi wa Desemba 2023 uliwahusu madiwani wa komuni za makao makuu ya majimbo pekee, na Baraka si mojawapo. Meya huteuliwa kutoka Kinshasa. Msimamizi na msimamiwa wakawa ofisi moja.

Ulibaki ulezi wa gavana, ambaye sheria yampa udhibiti wa mapema wa bajeti ya mji. Yeye alikaa Bukavu, mwendo wa siku nzima barabara ikiwa mbaya, nayo huwa mbaya mara nyingi. Mwezi Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na huko ndiko faili za Baraka zilikopaswa kupelekwa.