Kabati limejaa, unazovaa ni zipi?

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujaendelea kusoma, hesabu nguo ulizovaa tangu Ijumaa iliyopita. Kanzu ngapi? Mabaibui mangapi? Madera mangapi? Kisha kumbuka zilizomo kabatini. Wengi wetu tutakuta tunazozivaa zinahesabika kwa vidole, na zilizobaki zimekaa tu. Leo tulitazame jambo hili kwa historia ya hapa hapa Unguja, na tuanzie Fumba.

Fumba ndipo alipozaliwa Siti binti Saad, kiasi cha mwaka 1880. Wengi wanamjua kwa taarabu, lakini hiyo si mada yetu leo. Tutazame zama alizokulia. Kwao walikuwa wafinyanzi, watu wa kipato kidogo, na yeye kabla jina lake halijavuma alikuwa akiuza vyungu. Soko la watumwa la mjini lilikuwa limeshafungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki. Amri ya kuuondoa ilitolewa na Sultan Hamoud bin Mohammed tarehe 6 Aprili 1897, Siti akiwa msichana wa miaka kama 17.

Katika zama hizo ukimuona mtu kwa mbali, nguo yake ilikuwa imeshakwambia yeye ni nani. Mtumwa alivaa shuka ya merikani, yaani pamba nzito isiyopaushwa iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa Marekani, na jina lake limetoka huko. Shuka hiyo ikitiwa rangi ya nili ikawa nyeusi, iliitwa kaniki, nayo ilikuwa vazi la wanawake wa hali ya chini. Kufunika kichwa na kuvaa viatu kulihesabiwa ni mambo ya waungwana. Fikiria hilo, wewe mwenye kofia nane: palikuwa na Muislamu katika mji huu ambaye kofia moja tu ilikuwa juu ya daraja yake.

Sasa angalia walichokifanya walipopata uhuru. Waliziacha kaniki. Wanawake walinunua kanga, wanaume wakavaa kanzu na kofia, na baadaye buibui nalo likaenea kwa wanawake wa kila tabaka. Na kanga, kama ujuavyo, huuzwa kwa doti, vipande viwili: kimoja cha kujifunga, kimoja cha kujitanda. Kile cha kujitanda ndicho kilichofunika kichwa ambacho jana kilikuwa wazi. Kwa mama yule, kipande kile kilikuwa stara na heshima yake kwa pamoja.

Na kanga ile haikukaa bure. Alijifunga nayo, alijitanda nayo, alibebea mtoto. Ikichakaa ilikuwa ya kazi za shamba, ikichakaa zaidi ikawa tambara la jikoni. Ukimuuliza kila nguo yake inafanya kazi gani, alikuwa na jibu.

Sisi je? Tazama harusi zetu. Kila harusi ina sare yake, na kila sare ina fundi wake. Inavaliwa siku moja, inapigwa picha, inakunjwa. Harusi ijayo huwezi kuivaa tena, "watu wameshaiona." Wapo wanaokopa ili wapate sare, deni likabaki na nguo ikaingia kabatini.

Mlinganishe na Mama yetu Aisha (r.a.). Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba alikuwa na vazi la pamba nzito, thamani yake dirhamu tano. Alieleza kuwa kijakazi wake siku hizo anaona haya kulivaa hata ndani ya nyumba, na ilhali zama za Mtume (s.a.w.) vazi kama hilo ndilo walilokuwa wakija kuazima mabibi harusi wa Madina. Vazi moja, maharusi wengi. Hakuna aliyesema limeshaonekana.

Usinielewe vibaya. Dini haikukataza kupendeza. Katika Suratul-A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kuchukua pambo letu tunapokwenda kuswali, na katika aya hiyo hiyo tukakatazwa israfu. Yote mawili yamo mahala pamoja. Kanzu nzuri unayoivaa ni neema. Kanzu kumi usizozivaa, na jirani anaswali na iliyotatuka, hizo ni suala jingine.

Basi fanya hivi:

1. Nguo zako zote zitie upande mmoja wa kabati. Kila unayoivaa na kuifua, irejeshe upande wa pili.

2. Subiri miezi mitatu. Nguo ya Sikukuu na ya baridi usizihukumu kwa muda huo. Nyingine zote, upande ambao haukuguswa utakusemea wenyewe.

3. Katika hizo, toa zilizo nzima. Soma Suratul-Baqara, aya ya 267: tumekatazwa kukusudia kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Iliyotoboka ifanye tambara, kama walivyofanya bibi zetu. Usimpelekee yatima.

4. Zifue, zipige pasi, zikunje vizuri, kisha zipeleke kwa siri. Anayepokea naye ana heshima yake, na umeshaona nguo ina uzito gani katika heshima ya mtu.

5. Sare ijayo, kubalianeni mvae ile iliyokwishashonwa. Mmoja akianza, wengi watashukuru kimoyomoyo.

Ndugu yangu, tutaulizwa kuhusu mali: tumeichuma wapi na tumeitumia katika nini. Abubakar (r.a.) alipokuwa anakata roho aliusia nguo aliyokuwa ameivaa ifuliwe, iongezwe nyingine mbili, akafiwe humo, kwa kuwa aliye hai anaihitaji nguo mpya zaidi kuliko maiti. Huyo alikuwa khalifa wa Waislamu, na mpaka siku ya mwisho alijua nguo yake inafanya kazi gani.

Ewe Mola wetu, tuvishe vazi la ucha Mungu, na utujaalie tuwe sababu ya stara kwa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.