Nani Huonja Hewa Mapafuni?

Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 1938 ilikwenda kwa Corneille Heymans wa Ghent, Ubelgiji. Alikuwa ameonyesha kwamba kwenye mishipa mikubwa ya damu, shingoni na juu ya moyo, kuna sehemu ndogo mno zinazopima oksijeni na hewa ukaa ndani ya damu, kisha kuuarifu ubongo uharakishe pumzi. Fernando de Castro wa Madrid alikuwa ameshachora seli za shingoni na neva zake miaka kumi kabla, akaeleza kwamba kazi yake ni kuonja damu. Kwa maoni yangu, tuzo ile ilistahili kuwa ya wawili.

Mwaka huohuo wa 1938, Friedrich Feyrter, tabibu wa Austria, alichapisha kitabu kuhusu seli zisizoshika vizuri rangi za maabara. Chini ya hadubini zilibaki nyeupe katikati ya jirani zake. Mwaka 1949 mtafiti Fröhlich akazichunguza zile za kwenye njia za hewa, akaona zimefikiwa na neva, akauliza kama nazo si za kuonja. Swali hilo likalala zaidi ya miaka ishirini.

Aliyeliamsha ni Joseph Lauweryns wa Leuven. Mwaka 1972 alieleza vishada vya seli hizi mapafuni mwa wanyama mbalimbali, vimekaa hasa pale njia ya hewa inapogawanyika matawi, vikiwa na punje zilizojaa serotonini. Sungura wachanga walipovutishwa hewa yenye oksijeni haba, seli zilimwaga punje zile.

Lakini zilichoonja ni hewa, au damu iliyokosa oksijeni? Hapo ndipo ninapomvulia Lauweryns kofia. Mwaka 1978 yeye na wenzake waliunganisha mizunguko ya damu ya sungura wachanga, ili waweze kutenganisha upungufu wa hewani na ule wa damuni. Hewa ya mapafuni ilipopungukiwa oksijeni, seli ziliitika. Upungufu ulipokuwa wa damuni tu, zilitulia. Kumbe wapimaji walikuwa wawili tangu zamani: wa Heymans na de Castro kwenye damu, na huyu mlangoni, anayekutana na hewa kabla haijafika damuni.

Namna seli inavyohisi ilifahamika Toronto, Kanada, mwaka 1993. Ernest Cutz na wenzake walikuza seli za mapafu ya vijusi vya sungura, wakapima umeme wake. Oksijeni ikishuka, vitundu vinavyopitisha potasiamu kwenye utando wa seli hujifunga. Chaji ya seli hubadilika, nayo humwaga kemikali zinazoamsha neva. Mwaka 2015 kundi hilohilo likaonyesha kwamba seli hizi zinahisi hewa ukaa pia, kwa msaada wa kimeng'enya kinachoigeuza kuwa asidi.

Katika mapafu ya mtu mzima seli hizi ni chache sana, hazifikii hata asilimia moja ya seli za utando wa njia ya hewa. Kwa mtoto anayezaliwa huwa nyingi zaidi. Uchache huo haujapunguza uzito wake hospitalini, kwa sababu saratani ya mapafu ya seli ndogo, ambayo huwapata hasa wavutaji wa sigara na husambaa upesi, kwa kawaida huanzia kwenye seli hizi.